Uzi Wetu Mtoni

Kama ulitaka kumkasirisha mwalimu wetu wa kwaya, hukuhitaji kuimba vibaya. Kuimba vibaya alikuzoea, hasa kwetu sisi wa sauti ya pili, ambao alisema tunaimba kama watu wanaosubiri basi kwenye baridi. Ilitosha ukate uzi, uzi wowote, hata wa kushonea kifungo, halafu uache kipande kianguke sakafuni. Alisimamisha wimbo katikati, akaja mpaka ulipo, akainama na magoti yake yale yaliyokuwa yakilia, akakiokota na kukitia mfukoni mwa shati. Kisha alikuangalia tu. Mimi nimeangaliwa hivyo zaidi ya mara moja, na afadhali angenitukana.

Mambo ya ukoo wake na alikozaliwa waulize wengine. Mimi nilimjua kule Buffalo, Marekani, mtaa wa Black Rock, ambako watu wetu kutoka Kongo walinunua zile nyumba za mbao za zamani, baridi ikipenya madirishani, na kuzitengeneza wenyewe polepole. Kanisa letu lilipangishiwa chumba cha chini cha kanisa la Wazungu. Mashine ya kupasha joto ilinguruma humo ndani kiasi kwamba wahubiri walilazimika kupiga kelele, lakini mwalimu hakupiga kelele hata siku moja. Aliweka kiganja sikioni, akatoa sauti ya kuanzia puani, chini kabisa, na watu wote tukaisikia. Kinanda alikikataa. Alisema kinanda kinawafanya watu wavivu wa masikio.

Alikuwa mtu wa Ziwa Tanganyika, wa upande wa mji wa Baraka, na samaki kwake hakuwa kitoweo kimoja kati ya vingine. Harusini akipewa sahani ya wali na kuku, alikula yote kwa adabu, akapangusa mdomo, halafu akamuuliza aliyekaa karibu naye chakula kitaletwa saa ngapi. Na akimpata samaki, usimsemeshe. Alikula kimya, kichwa akakiacha mwisho, na mifupa akaipanga pembeni mwa sahani, mikubwa na midogo, mpaka ukaona samaki mzima amelala pale, ila hana nyama. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye na kufanya kazi ya kutunza wazee kule Cheektowaga, alizoea kusema kwamba kumpikia baba yake ni rahisi kwa sababu hana akili ya kuchagua.

Nayaeleza haya ya samaki mapema ili uelewe alichokuja kujinyima.

Jumamosi, baada ya mazoezi, nusu ya kwaya ilihamia mtoni. Mto Niagara pale Black Rock uko nyuma ya nyumba tu, unakimbia vibaya, na ng'ambo unaiona Kanada. Kina baba waliotoka zamu ya kiwandani walikuja na macho mekundu ya usingizi, na leseni zao za kuvulia zikiwa zimekunjwa kwenye pochi. Kina mama tulikuja na viti, chai na maandazi. Wengi wa watu wetu hawakutumia fimbo ya kuvulia. Walivua kwa mkono, uzi wa nailoni umezungushwa kwenye kopo la maziwa, kama walivyozoea nyumbani. Na kwa kuwa mkono haupendi uzi mwembamba, walinunua ule mnene wa kijani uliouzwa kwenye duka la Mkongo mwenzetu, pamoja na unga wa muhogo na dagaa. Ndoana ikikwama kwenye jiwe, mtu alivuta, akavuta, mwisho akakata kwa meno na kutupa kilichobaki mkononi. Nani alifikiria? Uzi ni kitu gani?

Mcheshi wa kundi lile alikuwa baba mmoja wa sauti ya nne, dereva wa forklift ghalani, tuliyemwita Baba Besi. Ndiye aliyekuwa akitania kila kitu, na ndiye aliyesimama wa kwanza siku ile ya bata bukini.

Ilikuwa mwanzo wa joto. Pale mtoni kulikuwa na mzee wa Kizungu mwenye buti za mpira za kijani, aliyevua hapo tangu kabla yetu na ambaye hakuwahi kutusalimu. Siku hiyo alikuja kwetu moja kwa moja, amebeba bata bukini mkubwa aliyekufa, akamlaza juu ya mawe karibu na birika letu la chai. Uzi ulikuwa umemfunga mdomo, ukapita shingoni, ukalikaza bawa moja mwilini, hivyo hakuweza kula wala kuruka. Alikuwa mwepesi wa kutisha. Mzee wa buti alisema kwamba hivi ndivyo watu wa aina yenu mnavyofanya, na akabaki amesimama kusubiri jibu. Mimi ndiye niliyetafsiri, nikaongeza na ukali wa kwangu mwenyewe, kwa sababu damu ilikuwa imenichemka. Baba Besi akaanza kusema kwamba Wazungu nao wanavua, kwa nini isiwe uzi wao, mto una mipaka gani.

Mwalimu wa kwaya alichuchumaa, akamfungua yule ndege taratibu kwa vidole na meno, mpaka uzi wote ukatoka. Kisha akachukua kopo la Baba Besi na kuweka nyuzi mbili kando kwa kando juu ya jiwe. Kijani kwa kijani, unene uleule. Wazungu pale walitumia nyuzi nyembamba zisizo na rangi, kila mtu alilijua hilo.

"Acheni kubishana," akasema. "Hii uzi iko yetu."

Akaniagiza nimwambie mzee wa buti hivyohivyo, bila kuongeza. Niliona aibu, nakiri, na sikuipenda. Mzee wa buti alitikisa kichwa akaondoka, na hakutusalimu.

Kesho yake, wakati wa ushuhuda, mwalimu alisimama. Hakuwa mtu wa ushuhuda. Watu wengine husimulia jinsi walivyopata kazi au walivyopona mgongo, yeye kwa kawaida alikaa tu na kuusubiri wimbo ufuatao.

"Bon, mi siko na huruma ya samaki," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, Kifaransa kikiingia humo. "Samaki mi namuua, namukula, Mungu anajua. Lakini ule ndege, nani alimukula? Hakuna. Alikufa bure, juu ya uzi yetu. Donc, mi sitakula samaki tena mpaka mwaka muzima upite na hakuna ndege mwenye amekufa na uzi yetu."

Kanisa zima likacheka. Mchungaji, mtu mpole, alijaribu kumpa njia ya kutokea, akasema nadhiri nzuri ni ile ambayo mtu anaiweza, labda mwezi mmoja ungetosha. Mwalimu akasema ameshasema, akakaa. Baba Besi akatangaza mbele ya watu kwamba Jumatano atampelekea samaki wa kukaanga, ili asiteseke mpaka Alhamisi. Na kweli alimpelekea. Mwalimu alimshukuru, akampa binti yake ale, naye akala maharage.

Sitaki umdhanie mtakatifu. Alikuwa na maudhi yake mengi. Gari lake lilijaa chupa tupu za soda miguuni mwa abiria, na ukimwambia yeye mpenda usafi azitoe, alijibu kwamba chupa haijamfunga mtu shingo. Shakwe aliwaita wezi na kuwarushia mawe madogo, kwa sababu waliiba chambo, kisha saa hiyohiyo alishuka kwenye miamba yenye utelezi kuokota kipande cha uzi ili shakwe walewale wasinaswe. Samaki aliendelea kuvua wakati wote wa nadhiri, akawagonga kichwani kwa rungu fupi bila kupepesa macho, akawagawa kwa majirani. Nilimwuliza inakuwaje. Akasema kifo cha samaki kina mlaji, na mlaji anashukuru. Alichukia kifo kisicho na mtu wa kushukuru.

Jinsi alivyowageuza watu ndiyo sehemu ninayoipenda. Hakuhubiri. Jumamosi iliyofuata, mwisho wa mazoezi, alichukua kikapu cha sadaka, kile cha ukindu kilichofumwa na mama mmoja wa kwaya, akakipitisha kwenye mistari. Tukafikiri tunachangia msiba. Yeye akatumbukiza mkono mfukoni, akatoa vipande vyake vya uzi, akaviweka ndani, akampa wa pembeni yake. Hakueleza. Watu wakapapasa mifuko ya makoti yao ya kuvulia, na wengine kweli walikuwa navyo, vimejiviringisha na makombo ya biskuti. Aliyekuwa hana kitu alipitisha kikapu huku akitazama chini, na ule mtazamo wa mwalimu juu yake.

Kutoka siku hiyo kikawa kitu chetu. Kwanza sadaka ya uzi, halafu sala ya kufunga. Mchungaji alilalamika kidogo kwamba kikapu kile ni cha Mungu. Mwalimu akamwuliza ndege ni wa nani. Baba Besi, bila shaka, alileta tambi zilizochemshwa na kuziweka kikapuni, tukacheka mpaka wengine wakatoka nje, na hata mwalimu alicheka. Lakini Jumamosi iliyofuata Baba Besi alileta uzi.

Pale mtoni mwalimu alifunga bomba jeupe la plastiki kwenye nguzo ya uzio, lenye kiwiko juu kilichoinama ili mvua isiingie, watu watie humo uzi wao chakavu. Kwanza nilimfanyia ukalimani kwa watu wa bustani za jiji, wakakubali baada ya kulitazama bomba lile kwa muda mrefu. Mzee wa buti za kijani alituona tukilifunga. Majira ya vuli, mwalimu alipolimwaga, ndani kulikuwa na uzi mwembamba usio na rangi, kifundo kizima, ambao hakuna mtu wetu angeununua. Alinionyesha, akautia mfukoni, na mchana wote akawa anaimba puani peke yake.

Nyumbani kwao nadhiri ilimwelemea binti yake kuliko yeye. Yule dada aliacha kukaanga samaki ndani kwa sababu baba yake alikuja kusimama mlangoni mwa jikoni, hasemi kitu, anavuta hewa tu. Sherehe moja, ubatizo wa mtoto wa mtu, waliletwa sangara wazima na pilipili na limau, na mwalimu akainuka akaenda kusimama kwenye baraza katika theluji mpaka sahani zilipoondolewa. Nilimfuata na koti lake. Alikuwa na machozi, na hakuyaficha. Aliniambia harufu ile inamletea watu wengi kwa mara moja, watu waliokwisha kufa, na nisimwambie binti yake. Nilimhurumia sana siku ile, na pia nilimkasirikia, kwa maana nani alimtuma?

Mwaka ukakaribia kwisha. Hakuna aliyekuwa amemwona ndege yeyote kwenye uzi wetu, na sasa wote tulikuwa tukitazama, hata watoto, ambao ukiwauliza kwa Kiswahili walikujibu kwa Kiingereza kwamba wameshaangalia. Kina mama tukaanza kuweka samaki kwenye mafriza kwa ajili ya karamu yake. Baba Besi alisema yeye atashika kichwa cha samaki amlishe mwalimu kwa mkono wake, kama bibi harusi.

Hapa lazima nieleze kosa la mwalimu, kwa sababu lilikuwa kosa ambalo mtu wa ziwa tu angeweza kulifanya. Kule kwao nailoni haitupwi. Wavu ukichakaa unafumuliwa, uzi mzima unaunganishwa kwenye uzi mzima, na kinachobaki kinafunga kuku, mlango, mzigo. Kwa hiyo ule wote alioukusanya, kwenye kikapu na kwenye bomba, hakuwa ameutupa. Alikuwa ameunyoosha, akauviringisha vizuri na kuujaza kwenye gunia kwenye chumba cha akiba cha binti yake. Na kiangazi, tulipopanda maharage ya kupanda miti katika uwanja mtupu nyuma ya kanisa, alituletea. Ulikuwa uzi mzuri. Haukatiki, haulowi, hauonekani. Tuliusifu, tukafungia fito zetu zote, maharage yakapanda juu, tukala, baridi ikaja, na fito zikabaki zimesimama na uzi wake ndani ya theluji.

Theluji ilipoyeyuka tukaenda kusafisha uwanja. Mimi ndiye niliyemwona. Ndege mdogo wa kifua chekundu, wale wanaokuja wa kwanza baada ya baridi, alikuwa ananing'inia kwenye ufito wangu mwenyewe, mguu mmoja umefungwa. Nafikiri alitaka kuuvuta uzi akajengee kiota. Alikuwa amekauka.

Tulikuwa kina mama watatu, na nitasema ukweli wetu: mawazo ya kumfukia na kunyamaza yalipita. Yalipita kwa sauti, mmoja wetu aliyatamka. Karamu ilikuwa Jumapili ile. Na tungeweza pia kubisha kwamba huyu si ndege wa mto, hakufa kwenye maji, nadhiri ilihusu uvuvi. Lakini mwalimu alikuwa tayari anakuja na reki yake begani, na uso wangu haujawahi kujua kuficha kitu.

Alimwinamia yule ndege. Tulimwambia yale ya mto na bustani, wote watatu kwa pamoja.

"Mi sikusema mto," akajibu. "Nilisema uzi yetu. Na hii, mi mwenyewe njo niliwapatia."

Akaomba mkasi. Mchana ule wote alikata uzi kutoka kwenye kila ufito, peke yake, akatukataza kumsaidia. Halafu akaleta lile gunia. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kukata vipande vifupi, vya urefu wa kidole, uzi mzima, mzuri, aliounyoosha kwa mikono yake mwaka ule mzima. Niliona ulivyomuuma. Mkono ulisita kila alipofika kwenye kipande kirefu kisicho na fundo. Kukata uzi mzima kwake ilikuwa kama kumwaga maziwa, lakini alikata mpaka mwisho, akaufunga ndani ya mfuko mgumu wa takataka. Tangu siku hiyo alitembea na mkasi shingoni kwenye kamba, na kila kilichoingia kikapuni kilikatwa mbele yetu. Ndiyo maana kipande kikianguka sakafuni ilikuwa kesi.

Jumapili alisimama tena, akaeleza kosa lake bila kuzunguka, akasema mwaka unaanza upya leo. Safari hii hakuna aliyecheka. Samaki wa karamu tulikula sisi, na nakuapia hawakuwa na ladha.

Mwaka wa pili ulivunjwa na shakwe, kiangazi, kwenye uzi wa kijani. Akaanza upya. Binti yake alimlilia wazi mbele yangu, akamwambia atakufa bila kuonja samaki tena, na mto wenyewe hautajua kwamba alikuwepo. Mwalimu akamjibu kwamba hakuweka nadhiri ili mto umjue. Alikuwa amekonda usoni, na meno mawili yalikuwa yamemtoka.

Kisha watu wakaanza kuhama, kama watu wetu wanavyohama, mmoja akisikia mahali kuna kazi nzuri zaidi na nyumba za bei nafuu. Mume wangu alipata kazi ghalani Louisville, tukahamia Highview, kwenye maghorofa yaliyo nyuma ya safu ya maduka. Baada ya muda binti ya mwalimu naye akapata kazi Columbus, na mzee hakuwa na wa kubaki naye Black Rock. Alikuwa katikati ya mwaka mwingine, wa ngapi sijui, na uhamisho ule ulimkata maini. Nadhiri ni yake, lakini mto angewaachia wengine. Alimwachia Baba Besi kikapu na mkasi. Watu walishangaa, maana Baba Besi ndiye aliyemtania kuliko wote. Nilipomwuliza mwalimu kwenye simu, alisema mtu anayekutania kila Jumamosi angalau anakumbuka kila Jumamosi.

Alinipigia simu mara kwa mara akauliza habari za mto wa kwetu Louisville, ule unaoitwa Ohio, kama watu wanatupa uzi. Nilikuwa nikitoka kazini nimechoka, na mimi siendi mtoni, lakini ilibidi niende, kwa sababu angeuliza tena. Uzi ulikuwepo. Nikaanza kutembea na mkasi wa kucha kwenye mkoba, na mume wangu akaniambia nimerogwa na mwalimu.

Mwisho wa baridi iliyopita nilirudi Buffalo kwenye harusi. Jumamosi nilienda Black Rock mtoni. Bomba bado liko kwenye nguzo, na karibu yake limefungwa la pili. Baba Besi amenenepa, na shingoni ana ule mkasi. Aliniambia mwaka umekwisha wiki ile. Hakuwa akitania, nilimwangalia vizuri. Alisema walikuwa wakitembea kingo zote kila Jumamosi, hata kwenye barafu, na hakuna ndege hata mmoja. Akafungua sanduku la barafu na kunionyesha samaki wawili wanono aliowavua mwenyewe asubuhi ile, akasema njia yangu ya kurudi Louisville si inapita Columbus?

Nilipokuwa nalibeba sanduku kwenda kwenye gari, mzee wa buti za kijani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amezeeka, na buti ni zilezile. Akanyanyua mkono, akanisalimu, akauliza yule mwenye mkasi yuko wapi siku hizi. Nikamwambia, na nikamwuliza na yeye kuhusu ndege.

Columbus nilifika kesho yake mchana. Binti yake alinifungulia mlango akanikumbatia, akaliona sanduku, akashika mdomo. Kwenye kibaraza niliona kipande cha bomba jeupe chenye kiwiko, kipya, kimeegemezwa ukutani. Sikukitilia maanani. Mwalimu alikuwa kitini kando ya dirisha, mdogo kuliko nilivyomwacha, blanketi magotini. Nilipiga goti kidogo kumsalimu, akanishika mkono, halafu akaanza kuniuliza kama hakimu. Nani alitembea kingo? Na upande wa reli? Na uwanja wa maharage? Nilimjibu yote.

"Baba Besi anapenda kufurahisha watu," akasema.

"Mwalimu, nilimwuliza pia yule mzee wa buti."

Binti yake akasimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Alisema nini?" mwalimu akauliza.

"Alisema mwaka huu hajamwona hata mmoja. Na kabla sijamwuliza, alinisalimu, akauliza uko wapi."

"Alikusalimu?"

"Alinisalimu."

Aligeuza uso dirishani. Mabega yake yalitikisika, na mimi nililia pia, sikuona sababu ya kujizuia. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti ileile ya puani ya kuanzishia wimbo, aweke mafuta motoni.

Nyumba ikajaa ile harufu, na safari hii hakwenda kusimama nje. Aliketi mezani, akanawa, akasali sala ndefu iliyomtaja Baba Besi na mzee wa buti na ndege wa kifua chekundu, samaki akiwa anapoa. Halafu akala. Sisi hatukula, tulimtazama tu. Kwa meno aliyobaki nayo ilichukua muda, na hakusema neno, na mifupa ikaanza kupangwa pembeni mwa sahani, mikubwa na midogo, kama zamani. Samaki wa kwanza alipokwisha, akapumzika, akapangusa vidole.

"Niwe nakununulia samaki kila wiki sasa, Baba," binti yake akasema. "Hapa kuna duka wanauza wazuri."

"Hapana, mama, usinunue. Ile ilikuwa ya Buffalo." Akaonyesha kibarazani, kule kwenye bomba jipya. "Hapa niliona uzi mingi sana pale mtoni, na watu wetu beko wanavua pale. Ya hapa naanza kesho."

Binti yake alimtazama, akanitazama mimi, akakaa kwenye kiti na kufunika uso kwa kitambaa, sikujua analia au anacheka. Nafikiri vyote viwili. Nilianza kumwambia mzee kwamba umri wake, na magoti yake, na mto huu haujui.

Yeye alikuwa tayari amesukuma sahani yake mbele, kuelekea kwa samaki wa pili.

"Leo bado ni leo," akasema. "Niongezee kichwa."